Mchezo Mpya Umetoka, Usikimbilie: Vidokezo 12 kwa Wazazi wa Nyunzu

Treni ya kutoka Kabalo inaweza kuchelewa mpaka watu wasahau walikuwa wakisubiri nini. Habari za mchezo mpya wa video hazichelewi. Kijana mmoja akinunua mega asubuhi, jioni mtaa mzima unajua GTA VI itatoka lini, Wissa amehamia timu gani na PlayStation mpya inauzwaje. Anayejua kuliko wote ni mtoto wako, yuleyule asiyekumbuka alikoacha daftari la hesabu.

Mimi ni mama wa watoto wanaocheza, na maoni ninayo. Siuchukii mchezo wa video. Mtoto aliyeshika maneti sebuleni ninajua alipo, na hilo si jambo dogo. Ninachopinga ni haraka. Watu hutuonea huruma sisi wa Nyunzu kwamba kila kitu kinatufikia mwisho, baada ya kupita Dar es Salaam, Kigoma, ziwa, bandari ya Kalemie na ile barabara tunayoijua wenyewe. Kwenye michezo ya video, kuwa wa mwisho ni faida, mradi mzazi ajue kuitumia. Basi, wazazi wenzangu, tuhesabu.

1. Tarehe ya kutoka ni ya kampuni, si yako

Kampuni hutangaza tarehe kwa tarumbeta, halafu huisogeza kwa mnong'ono. Rockstar ilisema GTA VI ingetoka mwaka 2025. Ikaisogeza hadi Mei 26, 2026, kisha ikaisogeza tena hadi Novemba 19, 2026. Mtoto aliyeanza kukulilia tangu tangazo la kwanza amepanda darasa na viatu vimembana.

Hata mchezo ukitoka kwa tarehe yake, siku ya kwanza si siku nzuri. Cyberpunk 2077 ulitoka Desemba 10, 2020 ukiwa na kasoro nyingi hivi kwamba, kabla Krismasi haijafika, Sony iliuondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia watu pesa. Ulirudishwa dukani Juni 2021, na leo waliousubiri wanausifu. Ndivyo soko hili lilivyo: mnunuzi wa siku ya kwanza hulipa bei ya juu kabisa kwa mchezo ulio katika hali yake mbaya kabisa. Waache wa Paris na New York watoboe njia. Mwenda pole hajikwai, na hapa mwenda pole hulipa nusu bei.

2. Geuza dola kuwa ndagala

Dola 70 zikitamkwa na mtoto huwa nyepesi kama karatasi. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa ikizunguka franka 2,800, kwa hiyo mchezo mmoja mpya ulikuwa franka 196,000. Kiwango hupanda na kushuka, muulize kambisti wa siku hiyo. Kisha usiishie kwenye franka. Geuza tena: ni mifuko mingapi ya unga, madumu mangapi ya mawese, magunia mangapi ya ndagala wa Kalemie? Ni sehemu gani ya minervali ya yule mkubwa aliye sekondari?

Fanya hesabu hiyo kwa sauti mbele ya mtoto, bila hasira. Halafu fanya na ya upande wa pili, maana haki ni haki: gawanya bei kwa saa za kucheza. Mchezo unaochezwa na watoto wanne mwaka mzima unaweza kuwa nafuu kuliko soda za sikukuu moja. Mchezo unaomalizwa kwa siku mbili na kutupwa nyuma ya kabati ni ghali hata ukiupata kwa dola 10.

Ujue pia kwamba bei yenyewe inatembea. Kwa miaka mingi mchezo mkubwa uliuzwa dola 60 Marekani. Kuanzia mwaka 2020 kampuni zikapanda hadi 70. Mwaka 2025 Nintendo ikauza Mario Kart World kwa dola 80. Anayekuambia bei itarudi nyuma anakufariji tu.

3. Mashine haishuki tena. Mchezo ndio unaoshuka

Zamani kanuni ilikuwa rahisi: subiri, mashine itakuwa rahisi. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2000 kwa dola 299. Mwaka 2009 ilikuwa dola 99. Kanuni hiyo imekufa. PlayStation 5 ilitoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 Sony ikaipandisha bei Marekani hadi dola 549, mashine ikiwa na karibu miaka mitano. PlayStation 5 Pro ilitoka mwaka 2024 kwa dola 699.

Kwa hiyo kusubiri mashine mpya ishuke ni kusubiri meli ambayo haikung'oa nanga. Nunua mashine ya kizazi kilichopita, ya okazi, na kusubiri kwako kuelekeze kwenye michezo. Huko bado bei zinaanguka, na ya mpira huanguka haraka kuliko yote, kwa sababu mwaka ujao itatoka mingine. Nintendo pekee ndio wagumu: michezo yao mingi hukaa kwenye bei ileile miaka na miaka. Mtoto akitamani Mario, mtafutie kadi iliyotumika.

4. Pima umeme kabla ya kupima mashine

Muuzaji wa Lubumbashi atakueleza habari za picha. Wewe muulize habari za wati. Tuseme una betri ya volti 12 yenye Ah 100 inayochajiwa na pano za jua. Hiyo ni wati-saa 1,200, na ukitaka betri iishi miaka, tumia nusu tu: 600.

PlayStation 2 ile nyembamba hula chini ya wati 50. Ongeza televisheni ndogo ya wati 40, unapata kama 90. Ukiondoa umeme unaopotea kwenye invata, watoto watacheza saa tano au sita. PlayStation 5 inapocheza michezo yake mikubwa hula karibu wati 200. Pamoja na televisheni ileile, betri yako itawapa saa mbili, na usiku huo taa hazitawaka wala simu hazitachajiwa. Ukiendesha kwa jenereta, kila mechi inanuka petroli, na petroli ya Nyunzu nayo imesafiri.

Mashine ya zamani inashinda hapa bila hata kuingia uwanjani.

5. Mchezo wa mpira wa kila mwaka: unanunua majina ya jezini

Karibu kila Septemba kampuni ya EA hutoa mpira mpya. Ule uliokuwa ukiitwa FIFA tangu 1993 ulibeba jina hilo mara ya mwisho kwenye FIFA 23; tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, na FC 26 ulitoka Septemba 2025. Mwulize mtoto nini kimebadilika. Atasema mengi, lakini ukimbana vizuri jibu litakuwa moja: Yoane Wissa ametoka Brentford kwenda Newcastle, na yeye anataka kumwona Mkongomani huyo na jezi ya milia. Ninamwelewa. Lakini dola 70 kwa ajili ya jezi?

Mafundi wa mitaani wamelijibu swali hilo kabla yetu. Kampuni ya Konami ilitoa PES, mchezo wake wa mpira, kwa PlayStation 2 mara ya mwisho mwaka 2013, ile ya PES 2014. Hata hivyo sokoni bado utaona CD za mashine hiyohiyo zenye vikosi vya msimu huu, kazi ya vijana wanaobadilisha majina na jezi juu ya mchezo wa zamani. Hizo ni nakala, si CD halali za kiwandani, na nyingine hukwama katikati ya mechi. Zinatufundisha kitu kimoja tu: chini ya majina mapya, mpira ni uleule.

Ushauri wangu: nunua mpira mara moja kila baada ya miaka mitatu au minne. Katikati hapo, watoto wabadilishe vikosi kwa mkono ndani ya mchezo. Michezo mingi inaruhusu. Wangu hukesha wakihamisha wachezaji kama marais wa klabu, na kazi hiyo inawapa raha kuliko mechi yenyewe.

6. Jihadhari na kasha lenye ahadi badala ya mchezo

Huu ni mtego uliotengenezwa na watu wasiowahi kusubiri mtandao Nyunzu. Siku hizi unaweza kununua kasha, ukalifungua, ukakuta mchezo haumo. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya kadi ambazo ni ufunguo tu: unaichomeka, halafu unatakiwa kupakua mchezo wote kwenye intaneti. PlayStation 5 ina aina isiyo na mahali pa kuingiza CD, na ile Pro huuzwa bila sehemu hiyo. Hata michezo yenye CD, kama Call of Duty, huweza kudai zaidi ya GB 100.

Kwa mega za simu, GB 100 si mchezo, ni mradi wa maendeleo. Kabla ya kutoa pesa uliza maswali matatu. Mchezo wote umo ndani ya CD? Unachezeka bila mtandao? Unachezeka na watu wawili kwenye televisheni moja? Muuzaji akijibu la kwenye lolote, mwambie utarudi. Usirudi.

7. "Bure" ndiyo bei ghali kuliko zote

Free Fire haulipiwi kuingia. eFootball wa Konami haulipiwi tangu 2021. Mzazi anashukuru Mungu, kisha anaona yunite zinayeyuka kama barafu ya samaki. Michezo ya namna hii huishi kwa kuuza vitu vidogovidogo ndani: almasi, sarafu, nguo, na vifurushi vya bahati nasibu ambamo hujui utapata mchezaji gani mpaka umelipa.

Si sisi maskini tu tunaolalamika. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba vifurushi vya bahati vya FIFA 18 vinavunja sheria ya kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Marekani, Desemba 2022, kampuni ya Epic yenye Fortnite ilikubali kulipa dola milioni 520: sehemu kwa sababu ya faragha ya watoto, na sehemu ya kuwarudishia watu waliolipishwa kwa vitufe vya hila. Wenye sheria kali na mawakili wengi wamenasa. Sisi tusijidai wajanja.

Hatua ni rahisi. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money asiijue mtoto, hata yule mpole. Usiunganishe simu anayochezea na pochi yako ya pesa. Akitaka almasi, azinunue kwa pesa yake ya mkononi, azione noti zikiondoka. Noti ikitoka mfukoni huuma, kitufe hakiumi.

8. Utamu wa zamani ni wako, si wa mtoto

Sasa tujigeukie sisi wenyewe. Wengi wetu tulionja mchezo wa kwanza kwenye Nokia ya mjomba, ule wa nyoka uliokuja na simu za Nokia tangu 1997, anayekula na kurefuka mpaka ajigonge. Wengine walicheza Super Mario ya 1985 kwa kaseti za bandia zilizoandikwa 9999 kwenye kasha, wakakuta michezo kumi inayojirudia. Tukiona picha zile leo, moyo unalainika, na mfuko unalainika pamoja nao.

Kampuni zinalijua hilo vizuri sana. Desemba 2018 Sony iliuza PlayStation Classic, kimashine kidogo chenye michezo 20 ya zamani, kwa dola 100. Watu walikiona hafifu, na kabla mwaka haujageuka kilikuwa kimeshuka hadi dola 60. Kiliendelea kushuka baada ya hapo. Novemba 2021 Rockstar ilifunga GTA tatu za enzi ya PlayStation 2, pamoja na San Andreas ya 2004, ikaziita toleo la mwisho kabisa na kuziuza dola 60. Zilikuja na kasoro za kuchekesha na kuliza. Zaidi ya hapo, kampuni ilikuwa imeziondoa sokoni zile za asili zilizokuwa rahisi, mpaka wateja walipopiga kelele ikazirudisha kwa wenye kompyuta.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: unamnunulia nani? Ukitaka kuonja tena ujana wako, sawa, nunua, lakini iandike kwenye matumizi yako, usiiite zawadi ya mtoto. Yeye hana kumbukumbu ya Nokia ya mjomba. Ataucheza mchezo wako kwa adabu dakika kumi, kisha ataomba ruhusa aondoke.

9. Ukinunua okazi, jaribu mbele ya muuzaji

Cha zamani kinachotufaa si kile kilichofufuliwa kwa bei mpya, ni kile ambacho hakijafa. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 160 duniani, na kwa sababu hiyo vipuri na mafundi bado wapo. Lakini usibebe mashine kutoka Kalemie kwa maneno matupu. Washa. Ingiza CD mbili tofauti na usikilize: ikikwaruza na kuchelewa kusoma, lenzi imechoka. Cheza mechi nzima, si dakika mbili, kwa sababu mashine yenye joto ndiyo inayosema kweli. Jaribu kila kitufe cha kila maneti, hasa vile viwili vya kuzungusha kwa kidole gumba. Hakikisha kadi ya kumbukumbu inahifadhi mchezo baada ya kuzima, la sivyo mtoto ataanza ligi upya kila siku na wewe utasikia kilio kila siku.

Kama pesa haitoshi kwa mashine, simu ya kawaida inatosha. Dream League Soccer na mingine mingi huendelea kuchezwa mtandao ukizimika. Chomeka, cheza, chaji kwa pano. Hakuna aibu.

10. Hesabu chumba cha Play kabla ya kukilaani

Kuna wazazi wanaoona chumba cha Play, kile ambamo watoto hulipia PlayStation mechi kwa mechi, kama baa ya watoto. Mimi nakiona kama biashara, na biashara hupimwa kwa hesabu. Tuseme mechi moja ni franka 500 na mtoto anacheza mechi nne kwa juma. Ni franka 2,000 kwa juma, 104,000 kwa mwaka. Haijafika hata bei ya ule mchezo mmoja mpya wa 196,000, na hapo hujanunua mashine, hujachoma petroli, hujatengeneza lenzi. Kwa mtoto mmoja, chumba cha Play kinakushinda wewe.

Sasa weka watoto watatu: franka 312,000 kwa mwaka. Hapo mashine ya okazi nyumbani inaanza kuleta maana, hasa ukiwa tayari una pano na betri.

Ukimruhusu aende, mjue mtu anayeendesha chumba hicho kwa jina na kwa sura. Msalimie, mpe saa ya kumrudisha mtoto. Mwambie waziwazi kwamba hutaki mtoto aingie kwenye mechi za kuwekeana dau, maana hapo ndipo franka 500 hugeuka kuwa deni. Na huko anakolipia mechi zake, hutakuwa na haja ya kusoma namba za umri: chumba hicho karibu siku zote ni mpira. Nyumbani, zisome. Ulaya huweka kwenye kasha 3, 7, 12, 16 au 18. Mpira kwa kawaida umekuwa 3, GTA ni 18, na hiyo 18 usiipuuze. CD ya nakala haina kasha wala namba, basi uliza jina la mchezo na umwulize mtu mzima aliyeucheza.

11. Iweke kwa Kifaransa, na mwambie mashine imetoka wapi

Jambo dogo lenye faida kubwa: fungua mipangilio, chagua Kifaransa. Mtoto atasoma maagizo, majina ya nafasi za wachezaji, ujumbe wa kocha, yote kwa lugha ya mtihani wake, na hatajua kwamba anasoma. Ukiwa na kompyuta, kuna Aurion wa Kiro'o Games, mchezo uliotengenezwa Yaoundé, Kameruni, na kutolewa mwaka 2016. Mtoto aone kwamba michezo hutengenezwa pia na watu wanaofanana naye.

Halafu kuna somo ambalo watoto wa Ulaya hawawezi kulipata bure kama wetu. Territoire yetu ya Nyunzu ina Kisengo, na Kisengo wanachimba koltani. Ndani ya koltani mna tantali, na tantali hutengeneza kapasita, vile vijidude vinavyotunza na kutuliza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000, dunia ikigombania simu na kompyuta, na PlayStation 2 ikiwa ndiyo imetoka, bei ya tantali iliruka mara kadhaa. Mashariki ya Kongo watu waliacha majembe na madaftari wakaingia mashimoni. Mwaka 2001 bei ikaporomoka, na waliobaki na mawe mikononi walikuwa wachimbaji.

Simwelezi mtoto haya ili aone hatia kwa kucheza. Ninamwelezea ili ajue bei ni nini. Kilo ya mawe ikitoka hapa ina bei moja, ikirudi na nembo ya kampuni ina bei nyingine, na katikati kuna watu waliosoma kemia, uhandisi na biashara. Akiuliza kwa nini PlayStation ni ghali, swali hilo ni zuri kuliko mchezo wenyewe. Mwache aendelee kuuliza.

12. Panga siku yenu ya uzinduzi: baada ya proklamasyo

Angalia kalenda. Mpira mpya hutoka mwishoni mwa Septemba, majuma machache baada ya shule kufunguliwa: sare, madaftari, viatu, minervali, vyote vimeshakula mfuko. Mingine mikubwa hutoka Oktoba na Novemba, mvua ikiwa imeanza, barabara ya Kalemie inageuka tope na pano zinashinda chini ya mawingu. Kalenda ya kampuni na kalenda ya Nyunzu hazijawahi kukutana. Hakuna sababu ya wewe kufuata ya kampuni.

Tangaza ya kwako. Nyumbani kwetu michezo hutoka Julai, baada ya proklamasyo, siku matokeo ya shule yanaposomwa. Mwenye matokeo mazuri anachagua, wengine wanashauri. Kufikia hapo, ule mchezo wa Septemba mara nyingi umeshuka bei sana, kasoro zake zimerekebishwa, na aliyeuchoka mjini anauuza okazi. Kiangazi kimeingia, barabara imekauka, malori yanapita, jua linajaza betri kutwa nzima, na kuna likizo mbele. Mtoto naye amepata miezi tisa ya kuamua kama kweli anautaka. Wangu hubadilisha mawazo mara nyingi kabla ya Pasaka, na kila wanapobadilisha, mimi sijalipa hata franka moja.